Tarikhi ya Kupima Tumbo la Mwenye Kisukari

Mwaka 1958 ni mwaka wa ajabu katika tarikhi ya kisukari, ingawa wakati ule hapana aliyelitambua hilo. Tabibu Kassander, kule Marekani, aliyapa jina maradhi ya tumbo la mwenye kisukari linalochelewa kushusha chakula, akabainisha kwamba wagonjwa wake hawakulalamika neno, ilhali chakula kimelala tumboni mwao. Na katika mwaka huo huo Ian Donald na wenziwe, huko Glasgow, walitangaza namna ya kulitazama tumbo la mwanadamu kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, maarifa ambayo mafundi walikwisha kuyatumia kupekua nyufa katika chuma. Hata hivyo, maradhi na chombo havikukutana ila baada ya miaka zaidi ya 20.

Katika muda huo mgonjwa alilishwa chakula kilichotiwa madini ya mnururisho, kama walivyofanya matabibu wa Cardiff mwaka 1966, na mashine ikahesabu kilichobaki. Kipimo hicho ni sahihi, na hadi leo vingine hulinganishwa nacho, lakini nani atapenda kukirudia mara kwa mara ili ajue tu kama dawa imemfaa?

Bateman na Whittingham wa Newcastle, mwaka 1982, kisha Bolondi na wenziwe wa Bologna, mwaka 1985, ndio waliolifungua fundo hilo kwa mawimbi yale ya sauti. Mgonjwa hulala na njaa. Asubuhi hupakwa jeli chini ya chembe cha moyo, naye mpimaji huitafuta sehemu ya chini ya tumbo, iliyo mbele ya mshipa mkuu wa damu, akaipima upana na kina. Kisha mgonjwa hula, na kipimo hurudiwa hata sehemu hiyo irejee ukubwa wake wa awali. Hewa ikijaa tumboni, picha hutibuka.

Hapo dawa za kushusha chakula, yaani metoklopramidi, domperidoni na sisapridi, zilizokuwa aghalabu zikihukumiwa kwa kauli ya mgonjwa, zikapata shahidi wa pili. Amma mashahidi hao hawakupatana daima, kwani huweza tumbo kuharakishwa na mgonjwa akabaki na kichefuchefu chake, au akapata nafuu na chakula kisiondoke upesi. Wala picha ya tumbo haikuweza kutoa habari za moyo: sisapridi, iliyokuwa hodari wa kushusha chakula, iliyavuruga mapigo ya moyo ya baadhi ya watumiaji, na mwaka 2000 ikaondolewa katika soko la Marekani.