Babu alizeekea laini

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa Kebirigo, aliandika katika insha yake: "Babu alizeekea laini." Nikalipigia neno la mwisho mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Laini ni sifa. Kitu gani laini?" Nikamkata alama mbili. Alinitazama kwa huruma, maana kwao hata mtoto wa chekechea alijua laini ni wapi.

Nami nilipaswa kujua. Baba yangu alichuma chai Kericho, ambako Brooke Bond na James Finlay walianzisha mashamba miaka ya 1920. Nyumba za vibarua zilijengwa kwa safu, mlango kando ya mlango, na Wazungu wakaziita kwa neno lao la safu, "line". Polisi nao walikuwa na laini zao. Wagusii waliovuka kwenda kutafuta pesa za kodi walirudi na neno hilo pamoja na blanketi na sufuria. Baba akisema "huko laini", mama alinyamaza. Maana yake ilikuwa chumba kimoja, kengele ya alfajiri, na boma lililoachiwa mke.

Kiswahili kilikuwa na laini yake kitambo, ya asili ya Kiarabu: kisicho kigumu. Kwetu Gusii ile ndiyo laini ya Tabaka. Jiwe la huko, jeupe, la waridi au la kijivu, ukucha hulikwaruza. Wanaume hulichonga kwa panga na kisu, kisha wanawake hukaa na beseni za maji, wakilisugua kwa msasa hadi kiboko au sahani iteleze mkononi. Laini ya Kiingereza ilitoka mbali, kwenye uzi wa kitani wa Warumi. Uzi na jiwe havikuzaliwa pamoja. Vimekutana tu mdomoni mwetu. Mtu wa Tabaka aliyewahi kufanya kazi Kericho anazo zote mbili, wala hazichanganyi.

Chai ilipoingia katika mashamba yetu madogo, na KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ikaundwa mwaka 1964, laini ikawa safu ya michai. Mama alitugawia laini kabla ya shule. Yangu, sijui kwa nini, kila mara ilipita kwenye siafu.

Halafu ikaja 1988. Chama tawala, KANU, kiliwataka wapiga kura wa uteuzi wajipange nyuma ya wagombea au mawakala wao, hadharani, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa ameshinda moja kwa moja. Ajabu ni kwamba hapa neno la Kiingereza lilishindwa: watu waliuita mlolongo. Palisemwa mengi kuhusu milolongo mifupi iliyoishinda mirefu. Labda laini ilikuwa neno la kazi mno kwa kioja kama kile.

Kwenye matatu neno laini lilirudi kwa nguvu. Tangu Februari 2004, kwa amri ya waziri John Michuki, kila gari la abiria likapakwa mstari wa njano na kuandikwa njia yake. Makanga wa Keroka husema "mimi ni wa laini hii", na anamaanisha barabara, chama cha wenye magari na riziki yake kwa pamoja. Simu ya mkononi nayo ikaleta laini ya nne au ya tano, kadi ndogo ya SIM. M-Pesa ilipoanza 2007, kupoteza laini kukawa sawa na kupoteza pochi.

Mkulima wa Nyamira leo anaweza kutoka laini ya chai asubuhi, apande gari la laini ya Kisii, na bonasi yake imwangukie kwenye laini. Hakuna anayemtaka afafanue.

Zile alama mbili sikuzirudisha. Mtoto alishahama shule. Siku hizi, nikikuta laini katika insha, huuliza kwanza mwandishi anatoka kijiji gani.