Mlo kwenye roshani ya meli ya kitalii

Mlo kwenye roshani ya meli ya kitalii ni chakula ambacho abiria hula nje ya chumba chake, kwenye sehemu ndogo ya wazi inayotazama bahari, badala ya kwenda kwenye ukumbi wa chakula. Desturi hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1990, meli zilipoanza kujengwa zikiwa na mamia ya vyumba vyenye roshani.

Roshani hiyo hufanana na kibaraza cha nyumba, lakini ni sehemu ya meli inayotembea. Kwa hiyo raha ya kula hapo hutegemea upepo, mwendo wa meli na jua, na pia kanuni za usalama, hasa zile za kuzuia moto.

Historia

Kwa muda mrefu abiria wa meli walipata hewa ya bahari kwenye sitaha za pamoja, na vyumba vingi vya kulala vilikuwa na dirisha dogo la duara au havikuwa na dirisha lolote. Roshani ya binafsi ilikuwa anasa ya watu wachache. Meli ya Kifaransa Normandie, iliyoanza safari zake mwaka 1935, ilikuwa na vyumba vichache vya kifahari vyenye baraza lake.

Mwaka 1984 meli ya Royal Princess, iliyojengwa Helsinki nchini Ufini, ilianza kazi ikiwa na vyumba vya abiria vinavyotazama nje vyote, na baadhi yake vilikuwa na roshani. Meli hiyo ilipewa jina mjini Southampton, Uingereza, na Diana, mke wa mwanamfalme wa Wales. Ilifuatwa na Sun Princess mwaka 1995, kisha Grand Princess mwaka 1998 iliyokuwa na roshani zaidi ya 700. Mwaka 2009 meli ya Oasis of the Seas ilileta pia roshani zinazotazama ndani, juu ya bustani iliyopandwa katikati ya meli.

Mabadiliko hayo yalisaidiwa na ujenzi wa kisasa. Mashua za uokoaji ziliwekwa chini zaidi kuliko zamani, na sitaha za juu zikabaki na nafasi ya vyumba. Kwa kampuni za meli, chumba chenye roshani huuzwa kwa bei kubwa kuliko chumba cha ndani.

Muundo

Roshani ya kawaida ina nafasi ya viti viwili na meza moja ndogo. Hutenganishwa na chumba kwa mlango wa kioo, na hutenganishwa na roshani ya jirani kwa kiambaza chepesi. Upande wa bahari kuna ukingo wa kioo au wa vyuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za kitalii inataka ukingo uwe na kimo kisichopungua inchi 42, yaani takriban sentimita 107, kwa meli zinazopakia au kushusha abiria nchini humo.

Mara nyingi meza huwa fupi kuliko meza ya kulia chakula. Inafaa kwa chai, matunda na mikate, lakini chakula cha kukatwa kwa kisu humlazimu mlaji kuinama. Vyumba vya bei ya juu huwa na roshani pana zaidi, na baadhi huwa na meza ya kimo cha kawaida.

Upepo, mwendo na jua

Meli inayokwenda maili 20 za bahari kwa saa, yaani takriban kilomita 37, hujitengenezea upepo wa kasi hiyohiyo hata hewa ikiwa tulivu. Upepo wa asili ukivuma kutoka mbele, kasi hizo mbili hujumlishwa. Ukivuma kutoka nyuma kwa kasi inayokaribia ile ya meli, roshani huweza kuwa shwari. Ndiyo sababu mlo wa roshani huwa rahisi zaidi meli ikiwa imetia nanga, inapoingia bandarini au inapokwenda polepole. Njia za maji yaliyokingwa na nchi kavu, kama zile za kusini-mashariki mwa Alaska na fiodi za Norwei, hufaa pia, ingawa baridi yake hudai nguo nzito.

Mahali pa chumba pana umuhimu. Meli inapopanda na kushuka juu ya mawimbi, sehemu za omo na tezi husogea zaidi kuliko katikati. Inapokwenda mrama, yaani kuyumba ubavu kwa ubavu, sitaha za juu husogea zaidi kuliko za chini. Kwa hiyo roshani ya katikati kwenye sitaha ya chini ndiyo yenye utulivu mkubwa. Roshani za tezi hukingwa na mwili wa meli dhidi ya upepo wa mbele, lakini zinaweza kupata mtetemo wa mitambo.

Jua hutegemea uelekeo wa safari. Meli ikielekea kaskazini, roshani za upande wa kulia hupata jua la asubuhi na zile za kushoto hupata jua la jioni. Ikielekea kusini, hali hugeuka. Meli ikizunguka na kurudi ilikotoka, kila upande hupata zamu yake.

Huduma

Mlo unaoagizwa zaidi kwa roshani ni kifungua kinywa. Katika meli nyingi abiria hujaza kadi usiku, akichagua vyakula na saa, kisha huitundika kwenye kitasa cha mlango upande wa nje. Asubuhi mhudumu huleta sinia lenye vyakula vilivyofunikwa. Baadhi ya kampuni, kama Princess Cruises, huuza pia mlo maalumu wa jioni unaoandaliwa na wahudumu kwenye roshani kwa malipo ya ziada.

Vyakula visivyopeperuka wala kumwagika kwa urahisi ndivyo vinavyofaa. Vikombe vyenye mfuniko na vitambaa vizito hufanya kazi vizuri kuliko vikombe vyepesi na karatasi. Katika bandari na karibu na pwani, shakwe huweza kunyakua chakula kilichoachwa wazi.

Moto wa Star Princess

Tarehe 23 Machi 2006, kabla ya alfajiri, moto ulizuka kwenye roshani moja ya meli ya Star Princess iliyokuwa ikielekea Montego Bay, Jamaika. Abiria mmoja alifariki na wengine 13 walitibiwa kwa madhara ya moshi. Vyumba 79 viliharibika kabisa, na vingine 218 viliathiriwa na moto, moshi au maji.

Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waliona kwamba huenda chanzo kilikuwa kipande cha sigara kilichotupwa. Viambaza kati ya roshani vilikuwa vya plastiki aina ya polikaboneti, na samani nazo ziliweza kushika moto. Roshani hazikuwa na vitambua moto wala vinyunyizio vya maji, na upepo uliusukuma moto kutoka roshani moja hadi nyingine.

Desemba 2006 mkataba wa SOLAS kuhusu usalama wa maisha baharini ulirekebishwa, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2008. Samani za roshani zinatakiwa ziwe za aina isiyoeneza moto kwa urahisi; zisipokuwa hivyo, roshani iwe na vitambua moto na mfumo wa kunyunyiza maji.

Kanuni kwa abiria

Mishumaa, majiko na vifaa vingine vya moto haviruhusiwi kwenye vyumba na roshani, kwa hiyo mlo wa jioni huangazwa kwa taa za umeme tu. Kuanzia miaka ya 2010 kampuni nyingi kubwa zimepiga marufuku pia uvutaji wa sigara kwenye roshani.

Abiria hutakiwa wasikae wala kupanda juu ya ukingo, na wasiweke viti karibu nao penye watoto. Mlango wa roshani hufungwa kabla ya ule wa ukumbini kufunguliwa, kwa sababu upepo unaopita kati yao unaweza kuubamiza mlango kwa nguvu na kuumiza vidole.

Ni marufuku pia kutupa chochote baharini. Mkataba wa MARPOL unakataza kutupa plastiki mahali popote baharini. Mabaki ya chakula hushughulikiwa na wafanyakazi wa meli kwa masharti maalumu, yakiwemo umbali kutoka pwani. Kwa sababu hiyo sinia hurudishwa ndani ya chumba mara mlo unapokwisha, kabla upepo haujabeba kilichobaki.