Uzembe Hufanya Kazi ya Adui

Tarehe 9 Februari 1942, yapata saa nane na nusu mchana, moto ulizuka katika meli kubwa iliyotia nanga gatini mjini New York. Meli hiyo, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, iliundwa Ufaransa na kuitwa Normandie. Serikali ya Marekani, iliyoingia vitani miezi 2 kabla yake, iliitwaa ili kubebea askari, ikaipa jina la Lafayette.

Siku hiyo mafundi walikuwa wakikata nguzo za chuma kwa mwali wa gesi katika ukumbi mkuu. Karibu nao yalikuwa yamerundikwa maboya ya kujiokolea yaliyojazwa sufi. Cheche ziliirukia sufi hiyo, na moto ukaenea. King'ora cha meli kilikuwa kimekatwa wakati wa matengenezo. Zikapita dakika zaidi ya 10 kabla ya zimamoto wa mji kuitwa. Maji yaliyomwagwa yakajaa katika sitaha za juu, meli ikainama, na usiku wa kuamkia tarehe 10 ikalala ubavu. Haikupeleka askari hata mmoja vitani.

Wengi waliamini kwamba hiyo ilikuwa hujuma ya majasusi. Uchunguzi ulionyesha vingine. Adui hakuwamo melini. Uliokuwamo ni uzembe.

Kibali cha kazi ya moto kinakusudiwa kuziba mapengo ya namna hiyo. Kabla ya fundi kuchomelea, kukata au kunoa chuma kwa mashine, msimamizi hufika mwenyewe mahali pa kazi. Huhakikisha kwamba vitu vinavyoshika moto vimeondolewa umbali wa takriban mita 11, au vimefunikwa. Kwamba vyombo vya kuzimia moto vipo na king'ora kinafanya kazi. Ndipo hutia sahihi, kwa mahali pamoja na muda maalumu. Mlinzi wa moto hubaki hapo hata fundi akiondoka, kwa kuwa cheche huweza kufukuta kimya kimya. Mwaka 2019, kanuni za Shirika la Taifa la Kuzuia Moto la Marekani ziliongeza muda huo kutoka nusu saa hadi saa 1.

Hatari ya moto haiishii karakanani. Tarehe 7 Machi 2021, maghala ya kambi ya jeshi ya Nkoantoma, mjini Bata, Guinea ya Ikweta, yalilipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa na zaidi ya 600 walijeruhiwa. Rais wa nchi hiyo alitaja uzembe katika utunzaji wa baruti, pamoja na moto wa wakulima waliokuwa wakichoma mashamba jirani. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Hakuna askari wa lindo anayemruhusu mgeni kuingia ghala la silaha bila hati, hata mgeni huyo akidai kwamba ana haraka. Moto nao ni mgeni. Kamanda anayeamuru kazi ianze kabla ya kibali, kwa sababu muda ni mfupi, hajaokoa muda. Ameliacha lango wazi. Na askari anayekidai kibali hicho, hata mbele ya mkubwa wake, hajavunja nidhamu. Ameilinda mali ya umma na maisha ya wenzake.