Lugha moja kwa vinanda vyote: historia ya MIDI, kutoka Osaka hadi studio ndogo za mitaani

Ukiingia katika studio ndogo za Goma, Bukavu, Butembo au Uvira, mara nyingi utakuta kompyuta moja, spika mbili na kinanda kifupi cha plastiki. Kinanda hicho hakina sauti. Kikiwa hakijaunganishwa, ukikibonyeza kinanyamaza kabisa, na anayekinunua kwa mara ya kwanza hudhani ameuziwa kitu kibovu. Sivyo. Kazi yake si kupiga muziki, kazi yake ni kupeleka amri kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopiga. Lugha ya amri hizo inaitwa MIDI. Ina zaidi ya miaka 40, na mmoja wa waliyoizaa alikuwa yatima ambaye nyumba yake ilibomolewa kwa mabomu.

Fundi wa saa

Ikutaro Kakehashi alizaliwa Osaka, nchini Japani, mwaka wa 1930. Alipokuwa na miaka 2 tu, wazazi wake wote wawili walikufa kwa kifua kikuu, akalelewa na babu na bibi. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta akiwa kijana, na mabomu yakaiharibu nyumba yao. Baada ya vita, mwaka wa 1946, alitaka kuingia chuo kikuu, lakini afya yake ikamzuia. Akahamia kisiwa cha Kyushu, kusini mwa nchi. Kule aliona kwamba saa mpya hazipatikani, ila watu wana saa za zamani zilizoharibika. Akajifunza kuzitengeneza, akafungua duka, kisha akaingia pia katika kutengeneza redio.

Alirudi Osaka, na huko kifua kikuu kikamshika yeye mwenyewe. Alilala hospitalini kwa miaka, hadi alipotibiwa kwa streptomycin, dawa iliyokuwa bado ikijaribiwa. Mwaka wa 1954 alifungua duka lake la redio na vyombo vya umeme. Mwaka wa 1972 alianzisha kampuni ya Roland, ambayo jina lake limeandikwa kwenye vinanda vya makanisa mengi duniani. Kakehashi hakusomea muziki. Alitaka vyombo ambavyo hata mtu asiye mwanamuziki kama yeye angeweza kuvitumia.

Kila kampuni na lugha yake

Mwishoni mwa miaka ya 1970, vinanda vya umeme viitwavyo sintetiza vilikuwa vimeenea Marekani, Ulaya na Japani. Lakini kila kampuni ilikuwa na plagi yake na namna yake ya kupeleka amri. Aliyenunua kinanda cha kampuni moja na mashine ya ngoma ya kampuni nyingine hakuweza kuvifanya viende pamoja. Ilikuwa kama watu wawili wanaoshika redio za mawasiliano zilizowekwa kwenye masafa tofauti: kila mmoja anasema, hakuna anayesikia.

Mwaka wa 1981 Kakehashi alilipeleka jambo hilo kwa watengenezaji wa Marekani. Aliyelishika kwa nguvu ni Dave Smith, mhandisi wa California aliyeanzisha kampuni ya Sequential Circuits. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Smith na mwenzake Chet Wood waliwaeleza wataalamu wa sauti pendekezo la lugha moja kwa vyombo vyote. Kampuni za Japani, Roland, Yamaha, Korg na Kawai, zikaingia katika kazi hiyo.

Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko Anaheim, California, kinanda cha Sequential aina ya Prophet-600 kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland. Hizo zilikuwa kampuni mbili zinazoshindana sokoni. Kinanda kimoja kilipobonyezwa, kingine kikalia. Agosti mwaka huohuo kanuni kamili za MIDI zikatangazwa.

Uamuzi uliobaki ndio uliobadilisha mambo kuliko waya wenyewe. Waanzilishi hawakudai malipo kwa yeyote atakayeitumia lugha hiyo. Kampuni kubwa na fundi wa karakana ndogo walipewa ruhusa ileile. Hata plagi iliyochaguliwa, ya duara yenye pini 5, ilikuwa ya bei ndogo na tayari ilikuwa ikitumiwa kwenye vyombo vya sauti. Ndiyo sababu kinanda cha mwaka wa 1983 bado kinaweza kuzungumza na kompyuta ya leo.

Amri, si sauti

Kwaya zetu zina mfano mzuri wa kuelewa MIDI: karatasi ya solfa. Karatasi haiimbi. Inaonyesha tu ni noti gani iimbwe, lini, na kwa muda gani. Ukiipeleka kwa kwaya nyingine, wimbo utakuwa uleule, sauti zitakuwa za hao wengine.

MIDI inafanya hivyo kwa namba. Noti zimepewa namba kuanzia 0 hadi 127, na do ya katikati ya kinanda ni 60. Ukiibonyeza, kinanda kinatuma ujumbe mfupi wa sehemu tatu: noti inaanza na iko kwenye chaneli fulani, namba yake ni 60, na imebonyezwa kwa nguvu kiasi hiki. Ukiiachia, ujumbe mwingine unasema noti imeisha. Kwenye waya wa mwaka wa 1983, ujumbe mmoja unapita kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Waya mmoja una chaneli 16, kwa hiyo besi, ngoma na gitaa vinaweza kupita pamoja bila kuchanganyikana.

Kwa kuwa ni amri tu, uzito wake ni mdogo sana. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa ubora wa CD unachukua karibu megabaiti 40. Amri za MIDI za wimbo huohuo kwa kawaida hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya megabaiti moja.

Kompyuta inaingia

Mwaka wa 1985 kampuni ya Atari ilitoa kompyuta ya ST ikiwa na matundu ya MIDI tayari, na wanamuziki wengi wa Ulaya wakaikimbilia. Mwaka wa 1988 yalikubaliwa mapatano ya namna moja ya kuhifadhi amri hizo katika faili. Mwaka uliofuata kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikatoa Cubase, programu ya kupanga muziki. Mwishoni mwa 1997, nchini Ubelgiji, Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line alianza kuitoa FruityLoops. Mwanzoni ilikuwa mashine ndogo ya ngoma ya kutuma amri za MIDI kwa chaneli 4 tu. Leo inaitwa FL Studio, na vijana wengi wanaotengeneza midundo wameanzia hapo.

Mwaka wa 1999 MIDI ilipata kanuni za kupita kwenye USB. Kwa mahali penye shida ya umeme, hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa: waya uleule unaopeleka amri unakipa kinanda moto kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta yenye betri iliyojaa inatosha kwa kazi ya saa kadhaa.

Kuviunganisha kunafuata mpangilio huohuo karibu katika kila programu. Chomeka kinanda kwanza, ndipo ufungue programu. Ingia kwenye mipangilio ya MIDI, tafuta jina la kinanda upande wa kuingizia, ukiwashe. Fungua pisti na uweke ndani yake chombo cha kupiga, kwa mfano piano. Pisti isiyo na chombo itapokea amri na kubaki kimya, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwisho, angalia kuchelewa kwa sauti. Ukibonyeza na sauti ikaja baadaye, punguza bafa. Bafa ya sampuli 2,048 inachelewesha sauti kwa milisekunde 46 hivi. Ya 256 inachelewesha karibu milisekunde 6, ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Ukiipunguza mno, kompyuta dhaifu itaanza kukatakata sauti. Kwa wenye Windows, programu ya bure ya ASIO4ALL husaidia.

Kisichoingia katika namba

MIDI ilitengenezwa kwa kufuata kinanda cha Kizungu. Likembe, au lulanga ya Bashi, hupangwa kwa sikio la mpigaji, na noti zake mara nyingi huangukia katikati ya zile 128. Upo ujumbe wa kupinda noti, lakini kazi inakuwa ndefu. MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka wa 2020, inatoa vipimo vidogo zaidi. Sauti ya mwimbaji nayo haihifadhiwi na MIDI hata kidogo. Hiyo lazima irekodiwe.

Kitu cha kubeba

Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka wa 2013. Kakehashi alifariki mwaka wa 2017, Smith mwaka wa 2022.

Familia inapokimbia usiku, kinanda cha kwaya kinabaki, na spika zinabaki. Studio nyingi huhifadhi wimbo uliokamilika tu, ambao baadaye hauwezi kufunguliwa kwa urahisi ili kubadilisha besi au kushusha sauti kwa mwimbaji mwingine. Faili ya MIDI inaweza. Nyimbo za kwaya nzima, miaka kumi ya kazi, zinaingia katika kadi memori ya simu na nafasi inabaki. Kinanda chochote chenye MIDI kitakachopatikana mbele ya safari, cha kampuni yoyote, kitaelewa amri zilezile.

Kwa hiyo, kila wimbo unapokamilika, mwenye wimbo na aombe vitu viwili kabla ya kutoka studio: sauti za waimbaji zilizorekodiwa, na faili ya MIDI. Nakala moja ibaki kwake, na nyingine aiweke kwa mtu anayeishi mbali na mtaa wake.