Kisiwa kilichotoza kipimo badala ya pesa

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mkazi wa kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, aliweza kuketi mbele ya kompyuta inayotumia umeme wa jua na kuperuzi intaneti bila kutoa hata shilingi. Kituo kilichompa nafasi hiyo kiliitwa Ekialo Kiona, yaani "dunia nzima" kwa Kisuba. Ada yake ilikuwa moja tu: kupima virusi vya Ukimwi, na kurudi kupima tena kila baada ya miezi sita.

Mpango huo, uliojulikana kama Cyber-VCT, uliendeshwa na shirika la Organic Health Response, lililoanzishwa na wakazi wa kisiwa wakishirikiana na mtafiti kutoka Marekani, Charles Salmen. Ni mojawapo ya majaribio ya mapema nchini Kenya ya kutumia intaneti kuwavuta watu kwenye jambo la manufaa ya umma, na mafunzo yake hayajapitwa na wakati.

Ili kuelewa kwa nini wazo hilo lilizuka kisiwani na si Nairobi, yafaa kurudi nyuma. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alitambuliwa mwaka 1984. Ilichukua miaka 15 kabla ya Rais Daniel arap Moi kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999. Vituo vya ushauri na upimaji wa hiari (VCT) vikaanza kuenea kuanzia 2001. Kando ya Ziwa Viktoria hali ilikuwa mbaya kuliko kwingine kote. Takwimu za serikali zilizotolewa 2014 zilionyesha kwamba asilimia 25.7 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi; katika kaunti jirani ya Migori walikuwa asilimia 14.7.

Vipimo vilikuwapo. Kilichokosekana ni watu wa kuvifuata. Mvuvi hukesha ziwani na kulala mchana, saa zilezile ambazo zahanati iko wazi. Samaki wakihama, naye huhamia ufuo mwingine. Na zaidi ya yote kulikuwa na aibu: kuonekana ukiingia mlango wa VCT katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake kulitosha kuzua uvumi jioni hiyohiyo.

Intaneti nayo ilikuwa kitu cha kutamaniwa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Kijana wa kisiwani aliyetaka kutuma barua ya kuomba kazi alihesabu kwanza nauli ya boti.

Hapo ndipo Ekialo Kiona ilipopatia. Majibu ya kipimo hayakuamua nani apewe kompyuta. Aliyepatikana na virusi na asiye navyo walipata uanachama uleule. Kwa hiyo kumwona jirani akielekea kituoni hakukukwambia lolote kuhusu afya yake. Alikuwa na sababu ya kutaja mbele za watu: anakwenda kwenye mtandao. Kivutio kiliwapa watu kisingizio cha heshima cha kufanya walichokuwa wakikiogopa.

Kituo hakikuishia kwenye kompyuta. Kilianzisha redio, EK FM, iliyorusha matangazo kwa Kisuba, lugha ambayo wasemaji wake wengi wamehamia Kijaluo. Kisha ukaja utaratibu wa vikundi vya kanyakla, ambapo mgonjwa alichagua mwenyewe jamaa na marafiki wa kumsaidia kufuata matibabu. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa waliokuwa katika vikundi hivyo waliacha kliniki kwa takriban nusu ya kiwango cha wasiokuwamo.

Palikuwa na swali gumu pia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu apime ili apate kazi, masomo au matibabu. Orodha hiyo inataja pia huduma nyingine yoyote. Basi kijana anayehitaji intaneti ili atafute riziki, je, amepima kwa hiari kweli? Kilichowatetea waanzilishi ni kwamba mtu hakupoteza kitu kwa sababu ya majibu yake. Masharti yangegusa majibu, mpango mzima ungekuwa dhuluma.

Majaribio mengine katika eneo hilo yalionyesha nguvu na mipaka ya vivutio vya kidijitali. Katika Kaunti ya Siaya, watafiti waliwatumia wazazi ujumbe wa simu wa kuwakumbusha chanjo, na baadhi wakatumiwa pesa kwa simu walipofika kwa wakati. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalikuwa hivi: watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 82 pale ambapo hakukuwa na ujumbe wala pesa, na asilimia 90 pale ambapo wazazi walikumbushwa na kuahidiwa shilingi 200 kwa kila ziara. Shilingi 75 hazikuongeza lolote juu ya ujumbe mtupu. Vyote viwili viliishia asilimia 86.

Lakini pesa nyingi zaidi zilikataliwa Homa Bay. Mwaka 2015 shirika la GiveDirectly, linalotuma msaada wa fedha kupitia simu bila masharti, lilikuta hadi asilimia 45 ya waliostahili katika sehemu za kaunti hiyo wakikataa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba fedha hizo zilitoka kwa waabudu shetani. Wakazi walikuwa hawajui aliyetoa ni nani wala anataka nini. Mfangano, waliokaribisha watu mlangoni walikuwa majirani zao.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliiweka Homa Bay kwenye asilimia 19.6 na Migori asilimia 13.0, huku wastani wa nchi ukiwa 4.9. Intaneti imeingia mifukoni, na kompyuta ya bure haina tena mvuto ule. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa simu za kukusanyia taarifa za kila boma. Mapema 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, huduma za Ukimwi kandokando ya ziwa zilitikisika, na ikadhihirika jinsi zilivyosimama juu ya mfuko wa mtu mwingine.

Serikali za Migori na Homa Bay, zinazoshindana na viti vitupu kwenye vikao vya bajeti na kliniki za chanjo, zina pa kuanzia. Ziwaulize wakazi wanachokikosa kabla ya kuamua kuwapa nini, bando au nauli. Zimweke mlangoni mtu wanayemjua. Na gharama ziingizwe kwenye bajeti ya kaunti, maana kivutio kinacholipwa na mfadhili huondoka siku anayoondoka mfadhili.