Katuni imebebeshwa mengi

Kila Jumatano maduka ya Marekani hupanga rafuni matoleo mapya ya vitabu vya Batman na Spider-Man. Shabiki anayezungumza Kiswahili huyaita katuni. Lakini katuni pia ni mchoro mmoja wa mchoraji Gado unaomkejeli mwanasiasa, na ni filamu ya Tom na Jerry.

Neno limeelemewa.

Kibonzo nacho kipo, kitamu mdomoni, ila kina utata uleule: leo mchoro wa gazetini, kesho filamu ya watoto. Wasomaji wa jarida la Sani, Tanzania, walimfuata mhusika Madenge bila kusumbuliwa na majina. Hata hivyo, kwa kitabu cha Batman, “hadithi ya picha” inafaa zaidi: kuna kisa, nacho husonga mraba kwa mraba. Wahariri waijaribu.