Makorongo ya Kondoa

Wenyeji wa nchi za theluji hujihami na maporomoko kwa koleo, fito ndefu na ala za kunasa mawimbi ya redio. Kondoa, mkoani Dodoma nchini Tanzania, ambako theluji haijapata kuanguka, kilichoteremka milimani ni udongo wenyewe, mwekundu kama damu, uliochimba makorongo ya kumeza nyumba na kulijaza tope ziwa la Haubi.

Wakoloni walipata kuamuru matuta, nayo yakachukiwa, kwani jembe la shuruti halina baraka. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden, ukachimba makinga maji na kupanda miti na mkonge. Lakini silaha iliyofaa zaidi, kwa rai yangu, na chungu zaidi, ilikuwa amri ya 1979 ya kuondoa ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata punda katika eneo lipatalo kilomita za mraba 1,256, amri iliyowalazimu Warangi wa huko, ambao kwao ng'ombe ni mahari na akiba, kuihamishia mifugo yao nyanda za mbali. Nyasi zikarejea. Miaka kumi baadaye ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa, mradi wafungwe zizini na kukatiwa majani.